Jibu: Mita za kuacha kando ya kijito hupimwa kuanzia wapi?

Habari ndugu. Nimekuelewa hivi: umeomba kibali cha kujenga, na ramani yako ya nyumba imerudishwa kwamba nyumba iko karibu mno na kijito, ilhali wewe umepima ukaona mita zinatosha.

Kabla ya kubishana na waliokurudishia ramani, angalia ulianzia wapi kupima. Wengi huanzia pale maji yanapopita kiangazi. Mara nyingi sheria huhesabu kuanzia ukingo, yaani maji yanapofika kijito kikijaa. Shuka utafute alama zake: nyasi kavu na takataka zilizonasa vichakani, mstari wa tope kwenye mawe, mizizi iliyobaki wazi. Anzia hapo, na futi ya kupimia uivute kwa usawa. Ukiilaza juu ya mteremko inakupa mita za bure.

Kuhusu mteremko, soma fomu ya kibali vizuri: asilimia 30 si digrii 30, ni kama digrii 17 tu. Hapo wengi huchanganya.

Ile miti iliyoinama kwenye picha yako siipendi; huenda udongo unateleza. Udongo wa chini ya mteremko usiuchimbe kwanza, na maji ya paa usiyamwage huko, mpaka mhandisi wa udongo apaone. Kwa picha siwezi kukuhakikishia lolote.