Panda 34, mradi jua liko juu

Wiki hii mmeuliza: mgeni akitua JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, na hana wa kumpokea, afikeje katikati ya mji kwa gari la abiria? Mimi hufanya usafi pale uwanjani, na ni miaka sita sasa napanda matatu namba 34 kwenda na kurudi. Namwambia apande hiyo hiyo, mradi jua liko juu.

Gari moshi lisimchanganye. Lile la kituo cha Syokimau lilianza mwaka 2012, lakini reli haiingii uwanjani. Nayo barabara ya juu ya kulipia, iliyofunguliwa 2022, inamfaa mwenye teksi. Matatu yetu hupita chini, Embakasi, ikishusha huyu na kupakia yule. Kilomita hazifiki 20, ila huku kwetu safari hupimwa kwa saa. Akitua saa nane mchana atafika mapema. Akitua saa moja asubuhi, jam ya watu wa kazi yaweza kummalizia saa mbili nzima.

Usiku achukue teksi, hata kama nauli yake ni zaidi ya mara kumi ya matatu. Dada yangu ningemwambia vivyo hivyo.

Steji asiitafute kwa macho. Awafuate watu wenye vitambulisho shingoni wanaotoka zamu, kwa sababu gari hilo ni letu kwanza. Aulize nauli kabla ya kuketi, maana mvua ikinyesha hupanda, na awe na noti ndogo.

Mwezi wa nne nilimkuta mama mmoja aliyetoka Kisumu, ana mkoba na kikapu cha samaki wakavu kilichofungwa kwa leso. Mwanawe alikuwa kazini. Wenye teksi walikuwa wamemzunguka, naye amekikumbatia kikapu kama mtoto. Nikamwambia, "Mama, twende, mimi pia naelekea mjini." Makanga akapokea kikapu kwa mikono miwili, akakiweka karibu na dereva, akamwambia kiti cha mbele ni chake. Kila tuliposimama aliniuliza, "Mwanangu, bado?" Nami namtajia jina la mahali, naye analirudia polepole.

Tuliposhuka Moi Avenue, karibu na hoteli ya Ambassadeur, alifungua leso palepale kando ya barabara, akanipa samaki wawili. Nilikataa. Akanitilia mkobani kwa nguvu, kisha akaniomba nimpigie mwanawe simu.