Kwa nini mvua ya Dodoma haiijazi Mtera

Ndugu mleta mada, umeuliza kwa nini Dodoma ikipata mvua kubwa kina cha bwawa la umeme la Mtera hakipandi, na kwa nini kituo cha umeme cha Kihansi, chenye mto mdogo, ina uwezo wa megawati 180 ilhali Mtera na bwawa lake kubwa ina 80 tu. Nimewahi kufanya kazi ya kusoma vipimo vya maji katika Bonde la Rufiji, nami nitajibu kwa niliyoyaona.

Mtera iko katika ukanda mkame, na sehemu kubwa ya maji yake hutoka mbali. Mvua za Desemba hadi Aprili hunyesha kwenye milima ya Uporoto na Kipengere, zikateremka kwa mito kama Mbarali, Kimani na Chimala hadi bonde la Usangu, zikapita kwenye mashamba ya mpunga na kuingia ardhioevu ya Ihefu. Mwisho wa Ihefu, pale N'Giriama, kuna kizingiti cha mwamba, na maji hayaendelei na safari kwa mto Ruaha Mkuu hadi Mtera mpaka yakipite kimo. Ndiyo maana niliwahi kukuta nguzo ya vipimo ikisoma vilevile asubuhi baada ya mvua ya usiku kucha, halafu majuma kadhaa baadaye, jua likiwaka, maji ya kahawia yakapanda yakiwa yamebeba matete. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, jambo linalonisikitisha sana, kwa kuwa kabla ya hapo ulitiririka mwaka mzima.

Kihansi inabebwa na mwinuko. Maji yake huporomoka takribani mita 850 kwenye ukingo wa milima ya Udzungwa, hivyo kila mita moja ya ujazo hutoa karibu uniti 2 za umeme. Mtera, yenye maporomoko ya mita 100 hivi, hutoa kama robo uniti. Tena misitu ya kule juu hupata mvua nyingi na kuyaachia maji polepole.

Hata hivyo, tusiidharau Mtera. Bwawa la Kihansi ni dogo, haliwezi kutunza maji ya msimu mzima, lakini Mtera hutunza, na maji yaleyale yakishazungusha mitambo yake huteremka hadi kituo cha umeme cha Kidatu chenye megawati 204. Ukitaka kujua kiangazi kitakuwaje, ulizia kina cha Mtera mwishoni mwa Mei: likijaa husoma mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na likifika 690 mitambo yake huzimwa.