Andika Historia ya Klabu Yenu Wazee Wangali Hai

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Tabora aliniandikia: "Kaka, shikamoo. Nimesikia umeandika historia ya klabu huko Marekani. Sisi tuna kijiwe chetu cha bao, cha tangu enzi za babu zetu, nataka kukiandika. Nianzie wapi?" Nilimjibu mistari miwili, kisha usingizi ukanipotea. Swali lake lilinigusa kwenye kidonda. Kwa hiyo leo namjibu kwa kirefu, na najua wewe pia mwenye kijiwe, timu ya mtaa au kikundi cha ngoma umeshawaza jambo hili, ila hujathubutu.

Mimi naishi Iowa. Miaka 6 iliyopita mzee mmoja niliyekuwa nafanya naye kazi kiwandani alinichukua Jumatano jioni hadi bustani ya mji, kwenye mchezo wao wa kurusha viatu vya farasi. Usidhani vimevuliwa kwenye kwato. Ni vyuma vinavyotengenezwa kwa ajili ya mchezo, kila kimoja karibu kilo 1.2. Vigingi viwili vya chuma vinasimikwa futi 40 kutoka kimoja hadi kingine, vinachomoza inchi 15 juu ya udongo. Kiatu kikikizunguka kigingi ni pointi 3, na hiyo wanaiita ringa. Kikilala ndani ya inchi 6 unapata pointi 1. Shimo linalozunguka kigingi wanalijaza udongo wa mfinyanzi, wanaukatakata kwa sepetu na kuumwagia maji hadi uwe kama unga wa mandazi, ili kiatu kikitua kigande palepale. Kikigonga chuma, mlio wake unafika barabarani.

Nimekulia Ujiji, nikimbebea babu mfuko wa kete za bao. Jioni ile niliona wazee wameketi kwenye benchi, wanataniana, wanabishania mchezo wa miaka 20 nyuma kama wa jana. Nikajua nimefika nyumbani. Sijakosa Jumatano nyingi tangu hapo.

Klabu ilipokaribia kutimiza miaka 50, walitaka kijitabu cha historia. Hakuna aliyejitokeza. Nikanyoosha mkono mimi, mgeni, ambaye Kiingereza changu bado kina harufu ya Kigoma.

Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa aibu. Nilianza na Wagiriki na Warumi, nikapita kwenye majeshi ya Uingereza, kurasa 9 nzima. Yule mzee wangu alizisoma zote, akavua miwani, akaniuliza, "Sisi tuko wapi humu?" Sikuwa na jibu. Nilizichana usiku uleule. Basi, kijana wangu wa Tabora, usianze na asili ya bao duniani. Anza na mti ule mnaokaa chini yake. Nani aliupanda? Ubao wenu alichonga nani, na mbao zilitoka wapi?

Baada ya hapo nikaomba ufunguo wa banda la zana. Nyuma ya sepetu na turubai za kufunikia mashimo kulikuwa na sanduku la karatasi za pointi, zimeandikwa kwa penseli, nyingine zimekwaruzwa na panya. Miezi minne ya kunakili sina la kuisimulia. Lakini karatasi zilinifundisha kitu ambacho midomo haikunifundisha. Wazee watatu walinipa miaka mitatu tofauti ya kuanzishwa kwa klabu, na kila mmoja aliapa. Usiwacheke. Hata mashindano ya kwanza ya dunia ya mchezo huu, yaliyofanyika Bronson, Kansas, na kuchukuliwa na Frank Jackson wa hapahapa Iowa, orodha ya mabingwa inayaweka 1909 na simulizi zinayaweka 1910. Mzee akikupa mwaka, pokea kwa heshima, kisha tafuta karatasi. Akikusimulia jambo, liandike siku hiyohiyo. Narudia: siku hiyohiyo. Mzee mmoja niliahidi kumrudia baada ya Krismasi, na Krismasi yenyewe hakuiona.

Sasa nije kwenye jambo ambalo najivunia, na sitaona haya kulisema. Katika karatasi zile niligundua mwandiko mmoja unaojirudia miaka 19. Saba yake ina kijistari katikati, mtindo ambao Wamarekani wengi hawautumii. Mihtasari ya vikao ilitaja wenyeviti wote, wafadhili, hata aliyetoa mbao za benchi. Mwenye saba ile hakutajwa popote. Nikauliza Jumatano tatu mfululizo, mpaka mmoja akasema, "Ah, huyo atakuwa mama fulani, mke wa mweka hazina wa zamani."

Nilimkuta kwenye nyumba ya kutunzia wazee, ana miaka 91. Nilimwekea karatasi moja mapajani. Aliipapasa kwa kidole gumba, akasema, "Siku hii ilinyesha." Kweli, pembeni paliandikwa neno "mvua". Akanieleza kwamba saba ile alifundishwa na baba yake, aliyetoka Ulaya. Akanieleza jinsi wanawake wa klabu walivyogombania mashimo yao ya kurushia kutoka futi 30 kwa misimu miwili, wakaambiwa wasubiri, hadi siku walipokuja na sepetu wakachimba wenyewe. Hilo halikuwa kwenye muhtasari hata mmoja. Nililiandikia sura nzima, na jina lake nikaliweka kwenye mstari wa kwanza.

Kijitabu kilitoka mwezi uliopita. Kurasa 44, picha nzuri, karatasi nzuri. Nikafungua ukurasa wa shukrani: wapo waliochapa, waliochanga, waliopika siku ya sherehe. Mimi simo. Kwenye jalada kumeandikwa kimetayarishwa na kamati. Nilipouliza, niliambiwa ni bahati mbaya, na kwamba kazi ya klabu ni ya wote. Nilipiga makofi kama wengine. Nilikula keki. Njiani nilisimamisha gari kando ya barabara, nikakaa humo muda mrefu.

Ndugu zangu, msinielewe vibaya, sikuandika ili nisifiwe. Lakini tumezoea kuambiwa kwamba anayetaka jina lake liandikwe ana majivuno, na wanaosema hivyo majina yao yameshaandikwa. Andika jina lako kwenye kila rasimu, na tarehe. Liandike kabla hujampa mtu yeyote asome. Na ukishaliandika lako, mtafute aliyesahaulika kwenye kijiwe chenu: anayefagia, anayeleta kahawa kwa mkopo, mama ambaye baraza ni la nyumba yake na miaka yote anawavumilia kelele. Kama historia yenu ina mabingwa watupu, hamjaandika historia, mmeandika orodha ya mabingwa. Kwenye bao kuna anayecheza na kuna wanaotazama, na babu yangu alikuwa akisema wanaotazama ndio wanaokumbuka mitaji, yaani namna kete zilivyoliwa. Waulize hao.

Jumamosi nilimpelekea yule mama nakala yake. Alifungua sura yake, akasoma polepole huku midomo ikicheza. Kisha akarudi kwenye jalada, akaligeuza mbele na nyuma, akaniuliza jina langu linaandikwaje. Nikamtajia herufi moja moja. Akaomba kalamu kwa muuguzi, akaliandika pale chini ya neno "kamati", na tarehe pembeni, tarehe 17, saba yenye kijistari katikati.

Nakala hiyo aliniambia nibaki nayo. Yeye nimpelekee nyingine.