Nimewaweka Mbali, Sasa Hawaniambii Kitu

SWALI: Ndugu Mhariri, miezi 5 iliyopita nilipandishwa cheo kuwa msimamizi wa kitengo chenye watu 12, ambao kabla ya hapo tulikuwa sawa. Msimamizi aliyenitangulia aliniusia nisizoeane nao kwa kuwa watanipanda kichwani, nami nikafuata: salamu, maagizo, ripoti, basi. Kazi inakwenda. Hata hivyo, wiki iliyopita niligundua kosa katika hesabu za stoo lililodumu kwa wiki 3, na watu 4 walilijua muda wote huo wakanyamaza. Nimeumia sana. Je, niwe rafiki yao, au niongeze ukali?

JIBU: Ndugu msomaji, nakushukuru kwa kulieleza jambo hili bila kujitetea. Sikushauri ufanye lolote kati ya hayo mawili.

Tuanze na hao watu 4. Anayeona kosa kazini hujiuliza upesi kama akisema litasaidia, na kama atajiletea matatizo. Kwa mtu asiyekufahamu zaidi ya maagizo yako, jibu ni jepesi: hajui utalipokeaje, kwa hiyo ananyamaza na kuomba lisigundulike katika zamu yake. Ukali utamfunga mdomo zaidi.

Katika miaka ya 1990, mtafiti Amy Edmondson wa Chuo Kikuu cha Harvard alichunguza makosa ya utoaji wa dawa katika vikundi vya wauguzi hospitalini, akitarajia kwamba vikundi vyenye uhusiano mzuri vingekuwa na makosa machache. Takwimu zilimwonyesha kinyume, kwa kuwa vikundi hivyo ndivyo vilivyokuwa na makosa mengi zaidi yaliyoripotiwa. Alipozidi kuchunguza, aliona kwamba huenda havikuwa vikikosea zaidi, ila watu wake hawakuogopa kusema. Ningependa uusome ukimya wa kitengo chako kwa jicho hilo, pamoja na hiyo miezi yote ambayo uliona kazi inakwenda.

Ukaribu ninaouzungumzia si urafiki wa kutembeleana, wala si kuchimba mambo ya nyumbani kwa mtu ambaye hajataka kuyasema. Ni kumjua mtu katika kazi yake kiasi cha kutambua anapobadilika, na kumfanya naye akujue wewe kiasi cha kukisia utakavyoitikia. Niliwahi kuongoza kikundi kidogo ambacho mmoja wao hakuchangia neno katika mikutano, akitikisa kichwa tu, nami nikachukua kwamba anakubaliana nasi. Ilipita karibu miezi 4 kabla sijakaa naye peke yake, ndipo aliponieleza kwamba sikio lake la kushoto halisikii vizuri, na kiti nilichompangia kilimweka wenzake wote upande huo. Tulihamisha kiti. Katika mkutano uliofuata alinisahihisha mara mbili, na mara zote mbili alikuwa sahihi. Hadi leo huniuma kwamba dakika 10 za mazungumzo ndizo zilizokuwa zikikosekana.

Mazungumzo hayo yana namna yake. Katika kiwanda cha Hawthorne karibu na Chicago, utafiti maarufu ulioanza mwaka 1924 ulifika mahali ambapo wafanyakazi zaidi ya 20,000 walihojiwa. Mwanzoni wahojaji walikuja na maswali yaliyopangwa, lakini wafanyakazi wakawa wanatoka nje ya maswali hayo na kueleza yaliyowakaa moyoni, hata ikaamuliwa waachwe waseme watakalo. Nawe fanya hivyo: zungumza na kila mmoja kwa zamu, zima simu, uliza ni kitu gani kinachomkwamisha, kisha nyamaza. Akikutajia jambo lililo ndani ya uwezo wako, hata kama ni kitasa kibovu, lishughulikie wiki hiyohiyo, maana hapo ndipo atakapojua kama ulikuwa ukisikiliza au ulikuwa ukipoteza muda.

Kuhusu kupandwa kichwani, hofu hiyo ina msingi, ila nadhani imeelekezwa pasipo. Kinachovunja heshima ni upendeleo. Kwa kuwa mlikuwa sawa, bila shaka wapo wawili au watatu mliozoeana zaidi, na itakuwa rahisi mazungumzo yote kuishia kwao huku waliobaki wakijiona ni wa kando. Kwa hiyo anza na wale usiowazoea. Yule rafiki yako wa zamani mweleze waziwazi kwamba akichelewa utamwonya kama mwingine yeyote, tena mwambie mapema, kabla hajachelewa.

Sasa, hao 4. Usiwaite pamoja, kwa sababu watalindana. Mwite mmoja mmoja, na uanze kwa kukiri kwamba kwa miezi 5 hukumpa mtu yeyote njia ya kukufikia. Kisha muulize: "Siku ulipoliona kosa lile, ni nini kilichokufanya usiniambie?" Usiulize nani alilianzisha, na usiandike chochote mbele yake. Huenda wa kwanza atakujibu kwa maneno ya juujuu tu. Mshukuru, mwache aende, kisha mwite wa pili.