Spika za sebuleni na barazani kwa risiva moja: hesabu omu kabla ya kununua waya

Mkuu, umesema una risiva ya stirio hapo Shangani, sebuleni kuna spika mbili za omu 8, unataka kuongeza mbili barazani, waya ni kama mita 15, na kuna mtu amekuambia wati zikilingana hakuna shida. Wati ziache kwanza. Kinachoua risiva ni omu, yaani kipimo cha ukinzani: zikiwa chache mno, spika inavuta mkondo mwingi.

Geuza risiva, mulika tochi pale waya za spika zinapofungwa. Kuna maandishi madogo yenye alama ya Ω. Risiva nyingi zinasema hivi: ukiwasha A (jozi ya kwanza ya spika) peke yake au B (jozi ya pili) peke yake, kila spika iwe na omu 6 hadi 16, ukiwasha A na B pamoja, kila spika iwe na omu 12 hadi 16. Watu husoma mstari wa kwanza wakaishia hapo. Huo wa pili umewekwa kwa sababu risiva hizo huunga A na B sambamba (chanya kwa chanya, hasi kwa hasi), na zikiungwa sambamba omu zinashuka. Spika mbili za omu 8 zinaonekana kama omu 4. Mbili za omu 6 zinakuwa 3. Ya 8 pamoja na ya 4 unabakiwa na 2.67.

Tazama maana yake kwenye mkondo. Risiva ikitoa volti 20, omu 8 inavuta ampea 2.5, omu 4 inavuta ampea 5, na omu 2.67 inavuta ampea 7.5. Transista ni zilezile, bati la kupoozea ni lilelile, mkondo umekuwa mara tatu. Risiva yenye ulinzi mzuri itajizima. Isiyo nao itaunguza transista za kutolea sauti, na zikishika shoti zinapitisha umeme wa DC hadi kwenye koili ya spika, nayo inaungua.

Zipo pia risiva zinazounga A na B kwa mfululizo, yaani mkondo unapita spika moja kisha nyingine. Utazijua hivi: usifunge chochote kwenye B, kisha washa A na B pamoja. Spika za A zikinyamaza, risiva yako ni ya mfululizo. Hiyo haitaungua kwa kuongeza spika, ila sauti inapungua na besi inalegea, maana omu za spika hazitulii. Zinapanda na kushuka kufuata noti inayopigwa, na spika moja inaanza kuharibu mgao wa mwenzake.

Kama spika hazina maandishi, zipime kwa maltimita zikiwa zimefunguliwa waya. Spika ya omu 8 husoma kama 6 hadi 7, ya omu 4 husoma kama 3 hadi 3.5. Kuwa makini hasa na spika za gari zilizotiwa kwenye boksi la mbao, nyingi ni omu 4, na zile zilizotoka kwenye seti za hom thieta, zipo hadi za omu 3. Hizo usizitie kwenye B ukawasha pamoja na A.

Sasa ufanyeje? Kama maandishi yako yanaruhusu omu 8 kwa A na B pamoja, funga tu, kazi imeisha. Kama hayaruhusu, njia ya kati ni kuweka kidhibiti cha sauti cha ukutani chenye transfoma ndani, kile chenye kichagulio cha mara 2 na mara 4. Weka kimoja kwa kila chumba, vyote kwenye mara 2: kila spika ya omu 8 inaonekana kama 16, mbili sambamba zinarudi 8. Risiva inapumua, na kila chumba kinapata nobu yake. Boksi la kugawa spika lenye rezista za ulinzi nalo linafanya kazi, lakini rezista zinakula nguvu, zinatoa joto, na besi inapoteza ukakamavu. Mimi silipendi kwa mtu anayesikiliza taarabu au dansi lenye gitaa la besi.

Njia ninayokushauri wewe ni amplifaya ndogo ya pili kwa ajili ya baraza. Nyuma ya risiva tafuta matundu ya kutolea sauti ya kurekodia, yale ya kanda. Hayo hayafuati nobu ya sauti ya risiva, kwa hiyo sauti ya sebuleni unaweza kuishusha kabisa, risiva ikiwa bado imewaka, na barazani muziki ukaendelea. Bodi ndogo zenye chipu ya TPA3116 zinatosha, na zinakubali hata volti 12 za betri ya sola, jambo la maana umeme ukikatika. Angalizo moja: waya hasi za spika za kushoto na kulia kwenye bodi hizi zisigusane kamwe, wala zisiunganishwe pamoja ili kuokoa waya. Amplifaya hiyo iweke palepale karibu na risiva, kisha waya mrefu uwe wa spika. Ukifanya kinyume, ukavuta mita 15 za waya mwembamba wa ishara sambamba na nyaya za umeme wa nyumba, utavuna mngurumo.

Waya wenyewe usinunue ule mwembamba wa nyekundu na nyeusi. Kwa mita 15, kwenda na kurudi, shaba ya milimita za mraba 0.75 ina ukinzani wa karibu omu 0.7. Ya 1.5 ina 0.34, ya 2.5 ina 0.21. Lenga usizidi kama asilimia 5 ya omu za spika, yaani 0.4 kwa spika ya omu 8. Kwa hiyo 1.5 inatosha, na kama spika ni za omu 4 chukua 2.5. Nunua waya laini wa nyuzi nyingi wenye njia mbili, ule wa duka la vifaa vya umeme. Kabla ya kulipa, kwangua uzi mmoja kwa wembe: ukiona weupe ndani ya wekundu, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Ukinzani wake ni mkubwa zaidi, na kwa upepo wetu wa chumvi ncha zake huoza haraka.

Kwenye kufunga, zima risiva na uchomoe plagi. Menya sentimita 1 tu, sokota nyuzi zote, hakikisha hakuna hata uzi mmoja uliochomoza kugusa jirani yake. Uzi huo mmoja ndio huwafanya watu wadhani risiva imekufa, kumbe inajilinda. Ukishakaza, paka mafuta mazito ya kujipaka kidogo kwa nje ili hewa ya bahari isiingie. Chanya na hasi zithibitishe kwa betri ya volti 1.5: gusa waya kwa sekunde moja, koni (ile sehemu ya mbele ya spika inayotetemeka) ikisogea nje, upande uliogusa chanya ndio chanya. Ukigeuza spika moja, besi inapotea. Na tafadhali, usitumie plagi na soketi za umeme wa nyumba kuungia spika. Siku moja mtoto ataichomeka kwenye volti 230.

Za barazani chagua zenye koni ya plastiki na ukingo wa mpira. Karatasi na sponji hazivumilii unyevu, hasa mvua zikianza Novemba au Desemba. Misumari na mabano yawe ya chuma kisichoshika kutu. Wenye nyumba za zamani za mawe pale Mikindani, Mtwara, kuta zile ni nene mno kwa bluutuuthi, kwa hiyo piteni na waya kwenye bomba la plastiki juu ya fremu ya mlango badala ya kutoboa.

Na kile kitambaa cha kufuma juu ya risiva kitoeni. Acha nafasi ya sentimita 10 hadi 15 juu yake. Kisha piga picha ya maandishi ya nyuma, uiweke hapa pamoja na vipimo vya maltimita, nikuambie kama A na B zinawashwa pamoja au la.