Kwa hiyo?

Mdogo wangu yuko mwaka wa kwanza wa sheria. Juzi usiku alinitumia picha ya karatasi waliyoibandika ukutani hosteli: mada nane za sheria ya mikataba, majina manane, kila jina na mada yake. Chini ameandika, "Dada, safari hii tumejipanga." Nikampigia hapohapo bila hata salamu, maana karatasi ya namna ile ndiyo iliyonipa mimi sapu, yaani mtihani wa kurudia baada ya kufeli.

Alinisikiliza, akaguna, kisha akauliza swali la haki kabisa: "Sasa mada zote nane nitazimaliza lini peke yangu?" Kabla sijajibu, salio likaisha. Haya ninayoandika ndiyo ningemwambia, na kama nawe unasoma sheria na UE, mtihani wa mwisho wa muhula, inabisha hodi, chukua linalokufaa.

Sisi tulikuwa saba. Tulikuwa marafiki kwanza, kundi la kusoma baadaye, na hilo nalo lilikuwa tatizo ila nitalirudia. Tukagawana mada. Mimi nikapewa ridhaa: kushurutishwa, ushawishi usio halali, udanganyifu, maelezo yasiyo ya kweli, kukosea. Kifungu cha 13 hadi cha 22 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, nilikijua hadi nukta. (Namba za vifungu ninazotaja humu ni za toleo la 2002 nililosomea.) Kila jioni mmoja wetu alisimama dakika ishirini akamwaga mada yake, sisi wengine tukanakili. Mwisho wa wiki mbili kila mtu alikuwa na desa nene, yaani notisi za kunakili, la mada saba, na kichwani ana mada moja.

Siku ya mtihani swali la kwanza lilikuwa hadithi. Kijana wa miaka 17 amenunua pikipiki, muuzaji amemdanganya kuhusu injini, mjomba ameahidi kumalizia deni, na barua ya kukubali bei imepotea njiani. Yaani umri, udanganyifu, ahadi ya mtu wa tatu na ukubali, vyote ndani ya aya moja. Nikaandika kurasa tatu nzuri sana juu ya udanganyifu. Zilizobaki nilizijaza kwa maneno niliyoyakumbuka ya mwenzangu, bila kujua yanasimamia nini. Nilipata 34, na kufaulu ni 40.

Maswali ya sheria huja kama matatizo ya watu yanavyokuja, yamechanganyikana. Mteja hatakufungulia mlango akisema, "Wakili, nina tatizo la sura ya nne." Kwa hiyo mdogo wangu, jibu langu ni kwamba mada nane zote utazisoma mwenyewe, kidogokidogo, tangu wiki ya tatu. Kundi halipo ili likusomee. Kazi yake ni kukubishia.

Nilijifunza hilo likizo ile ya sapu. Tulibaki chuoni wanne ambao hatukuwa marafiki hata kidogo. Kulikuwa na askari polisi wa miaka arobaini na kitu tuliyemwita Mzee, dada mmoja wa Bukoba asiyecheka ovyo, kijana wa Tanga mwenye maneno matamu, na mimi. Tulikutana kwenye kimbweta, meza ya nje ya kujisomea, chini ya mwembe saa kumi jioni, hadi mbu walipotufukuza. Wanne wanatosha. Mkifika saba, wawili watazungumza, watatu watachati, na wawili watakuwa wanasubiri chapati.

Dada wa Bukoba ndiye aliyeweka masharti. Hakuna kugawana mada. Siku moja kabla, wote tunachukua swali moja la hadithi kutoka pepa za zamani, na kila mtu anakuja na jibu lake la ukurasa mmoja, la kuandika kwa mkono. Karatasi hiyo ndiyo tiketi, asiye nayo haketi. Tulidhani anatania. Jioni moja Mzee alikuja ametoka lindo la usiku, macho mekundu, hana karatasi. Hakujitetea. Alitununulia chapati nne, akaziweka mezani, akaenda kulala. Baada ya siku ile hakuna aliyekuja mikono mitupu.

Tukishakaa, tunabadilishana karatasi na kusahihishana kwa kalamu nyekundu. Marufuku kuandika "vizuri." Unaandika swali, au unanyamaza. Karatasi yangu ya kwanza ilirudi kutoka kwa yule dada ikiwa na maneno mawili pembeni, yamerudiwa mara tano: *Kwa hiyo?*

Nilikasirika. Nilikuwa nimeandika kwamba mkataba wa mtu aliye chini ya miaka 18 ni batili, nikataja kifungu cha 11, nikataja kesi ya Mohori Bibee dhidi ya Dharmodas Ghose ya 1903, nikaweka nukta. Alitaka nini tena? Akanieleza taratibu, kama anavyoelezwa mtoto: "Sawa, batili. Kwa hiyo pikipiki inarudi au inabaki? Hela aliyotanguliza? Mjomba je? Hawa watu umewaacha barabarani." Kweli, kijana wangu wa pikipiki alikuwa ametajwa mara moja tu katika ukurasa mzima.

Wahadhiri wanakuimbia IRAC tangu wiki ya kwanza: hoja ni ipi, sheria inasemaje, sheria hiyo inawakaaje watu hawa, hitimisho ni nini. Wote tunaimba. Lakini ukichukua majibu ya wanaofeli, herufi ya tatu haipo. Wanaruka kutoka sheria hadi hitimisho kama mtu anayeruka mtaro. Peke yako hutaliona pengo hilo, kwa kuwa kichwani mwako umelijaza tayari. Inabidi asome mtu ambaye hayumo kichwani mwako, tena asiyekuonea haya. Ndiyo maana nasema urafiki ni tatizo: rafiki yangu asingeniandikia "Kwa hiyo?" mara tano.

Jioni hiyohiyo ndiyo tuliyobishana hadi giza. Ilianza kijana wa Tanga aliposema mkataba ule ni "void," na mstari mmoja chini akasema ni "voidable." Mzee akamsimamisha: "Hayo maneno mawili, niambie kwa Kiswahili, kama unamwambia mama yangu." Kimya. Sote tulikuwa tumeyatumia maneno yale muhula mzima, tumeyaandika kwenye mtihani, na hakuna aliyeweza kuyatenganisha kwa lugha ya nyumbani kwao. Tukahangaika, mwisho Mtanga akalipata. Mkataba batili, akasema, ni yai viza: hata kuku akililalia mwezi mzima, halitoi kifaranga. Mkataba unaobatilika ni embe lenye doa: aliyeuziwa ndiye anaamua, alile hivyohivyo au alirudishe. Kifungu cha 11 ni yai viza. Kifungu cha 19, aliyedanganywa, ni embe. Sijawahi kuvichanganya tena.

Basi tukafanya kuwa kawaida: kubishana kwa Kiswahili, kuandika kwa Kiingereza, kwa sababu pepa letu lilikuwa la Kiingereza. Wako watakaokwambia uzungumze Kiingereza tu ili "uzoee." Mimi sikubaliani nao. Kiingereza cha sheria kina hatari ya kukufichia ujinga wako mwenyewe. Neno linasikika zito, unadhani umelielewa. Na tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, kujua kulieleza jambo kwa Kiswahili ni sehemu ya kazi yenyewe.

Turudi kwa Mzee, kwa sababu hakuishia hapo. Kesi ya Mohori Bibee ilitoka India na kuamuliwa na Privy Council kule London, mahakama ya mwisho ya rufaa kwa makoloni ya Waingereza. Mkopeshaji aliyemkopesha kijana mwenye umri mdogo alikosa kurudishiwa fedha zake. Mzee hilo lilimuuma. "Hivyo mtoto anakula hela ya watu na sheria inamtazama?" Tukaenda kifungu cha 68, mahitaji ya lazima. Ukimpa asiye na uwezo wa kuingia mkataba kitu anachokihitaji kwa maisha yake, unalipwa kutoka mali yake. Dada wa Bukoba akaleta kesi ya Uingereza ya 1908, Nash dhidi ya Inman: fundi nguo alimshonea mwanafunzi wa Cambridge nguo chungu nzima, humo mna vizibao 11 vya kifahari, akaenda mahakamani kudai, akashindwa, kwa sababu kijana alikuwa na nguo za kutosha tayari. "Vizibao ni vizibao," Mzee akasema. "Lakini kwa kijana wa bodaboda, pikipiki ni ugali!" Tulicheka, kisha tukanyamaza, maana ile ilikuwa hoja. Ndiyo herufi ya tatu ya IRAC yenyewe, imetoka kinywani mwa mtu aliyekuwa analalamika tu.

Kundi liliendelea hadi mwaka wa pili, kwenye sheria ya familia, na hapo tukapata somo la kutokuamini desa. Karibu kila desa linalozunguka vyuoni lina Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, 1983, na karibu yote yanasema kitu kimoja: Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa, kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa. Ni kweli. Basi kwenye karatasi zetu watatu tukaandika kwamba Bi Hawa alipata mgao wake. Wa nne, Mzee, alikuwa amesoma hukumu yenyewe mwanzo hadi mwisho, kimya kimya, kwa kidole kama anavyosoma maelezo ya mtuhumiwa. Bi Hawa hakupata. Mahakama ilikubali kanuni, kisha ikasema fedha alizokwisha kupewa na mume kwa ajili ya mradi wa familia alizitapanya, rufaa ikatupwa. Kanuni ilishinda, mwenyewe akarudi mikono mitupu. Jiulize desa lile limenakiliwa na watu wangapi kabla yetu, na wangapi wameandika uongo ule kwenye mtihani kwa mwandiko mzuri.

Kwa hiyo kwa kila mada, chagueni kesi mbili tatu na mzisome hukumu zenyewe. Nyingi za Tanzania ziko kwenye tovuti ya TanzLII, bure, kwenye simu. Hapohapo hakikisheni mnatumia toleo moja la sheria. Kuna la 2002, la 2019, la 2023, na vifungu huweza kuhama namba. Tuliwahi kupoteza saa nzima tukigombania kifungu, kumbe mmoja ana kitabu cha kaka yake.

La WhatsApp nitalisema haraka. Kundi la simu ni la kupangia saa na kutumiana swali, basi. Usiku wa kuamkia pepa litaingia "limevuja," na mtu atakuapia kwa jina la mama yake. Sisi lilituingilia mara moja, tukakesha nalo hadi saa nane, na asubuhi hakuna hata swali moja lililofanana. Siku hizi namshauri kila mtu azime data saa mbili usiku na alale.

Lingine linauma kidogo. Kusaidiana kuna mpaka. Kwenye kazi ya nyumbani ya muhula wa tatu nilimpa kijana wa Tanga jibu langu "alione tu," akaliona kweli, hadi koma. Tulipewa sifuri wote wawili, na mhadhiri hakutaka kujua nani alimpa nani. Kijana aliniomba radhi, nikamsamehe baada ya muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Tangu hapo sheria yetu ikawa: tunabishana pamoja, tunaandika mbalimbali, na karatasi haitoki mkononi kabla ya kukusanywa.

Mazoezi ya muda msiyasahau. Pepa letu lilikuwa saa tatu, maswali manne, ndiyo dakika 45 kila moja. Wiki ya mwisho ya likizo ile ya sapu Mzee aliweka simu yake mezani, mlio wa king'ora kama wa difenda, na ukilia unaweka kalamu chini hata kama umebakiza neno moja. Siku ya kwanza hakuna aliyemaliza. Siku ya nne nilimaliza na dakika tano juu. Nilizitumia kujiandikia pembeni, kwa penseli, "Kwa hiyo?"

Tulipotoka kwenye chumba cha sapu tulikuwa na makubaliano ya mwisho: hakuna kuulizana umeandika nini, maana hakibadiliki na kinaharibu pepa la kesho. Tukatembea wanne kimya hadi kwa mama wa chapati. Mtanga aliangalia miti, mimi nikaangalia viatu. Dada wa Bukoba akaagiza chai. Mzee alivumilia mpaka chai ikafika, akaikoroga, akaweka kijiko.

"Lakini jamani," akasema, "ile pikipiki si angeirudisha tu?"