Barua kwa mwanangu: vitanda vilivyobaki vitupu

Mwanangu Mwanaidi,

Marahaba. Sisi hatujambo. Magoti ya mama yako yametulia wiki hii, na mvua za vuli zimeanza kwa nguvu. Picha ulizonitumia kutoka makumbusho ya Red Star Line, ile kampuni ya meli za wahamiaji ya Antwerp, Ubelgiji, nimezikuza moja moja na kuzisoma kama nilivyokuwa nikisoma hati za shehena Kilindini, mstari kwa mstari.

Uliniuliza hivi: "Baba, zamani maskini walipangwa chini ya meli kama magunia. Mbona baada ya Vita vya Kwanza makampuni yakaanza kutangaza safari za bei nafuu za kuvuka Atlantiki kwa maneno matamu? Yaliingiwa na huruma lini?" Nimelilala na kuamka nalo swali hili siku tatu. Huruma haikuwapo, mwanangu. Maskini waliondolewa, kisha vitanda vyao vikatandikiwa watu wengine.

Tuanzie jengo lile la Rijnkaai, hapo Antwerp, ulimosimama. Aliyekata tiketi ya daraja la kwanza hakuingia mle. Waliopita mle ni wa daraja la tatu: walioga, nguo na mizigo yao ikafukizwa kwa mvuke, daktari akawakagua. Kampuni haikufanya hivyo kwa kupenda usafi tu. Mhamiaji aliyekataliwa na wakaguzi wa Ellis Island, pale New York, alirudishwa kwa gharama ya meli iliyomleta, na huenda kampuni ikatozwa faini juu yake. Ndiyo maana walimsugua kabla hajapanda.

Ndani ya meli mahali pao palikuwa chini, na mara nyingi nyuma, karibu na usukani na rafadha, ambako meli inatikisika kuliko kwingine. Sisi wa pwani tunasema kuenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Wale hawakupata hata hiyo nafasi ya kwenda tezi na omo. Walikaa ngamani, chini kabisa ya chombo, tangu bandari ya kwanza hadi ya mwisho. Kabla ya vita nauli yao ilikuwa takriban dola 30. Ukiona picha za saluni zenye dari za dhahabu usidhani ndizo zilizoiendesha biashara. Katika mwaka wa 1907 peke yake Marekani ilipokea wahamiaji zaidi ya milioni 1 na robo. Dola 30 mara maelfu ya watu, safari baada ya safari, ndizo zilizolipa makaa, mishahara na hizo dari zenyewe.

Kisha Marekani ikafunga mlango. Sheria ya mgawo ya mwaka 1921 ilisema kila nchi iruhusiwe kuingiza kwa mwaka asilimia 3 tu ya wazaliwa wake waliohesabiwa Marekani katika sensa ya 1910. Tena mgawo uligawanywa kwa miezi: haikuruhusiwa kuingiza zaidi ya asilimia 20 ya mgawo wa mwaka ndani ya mwezi mmoja. Matokeo yake yalikuwa mambo ambayo mimi, niliyefanya kazi bandarini miaka yote ile, nikiyafikiria moyo unanienda mbio. Tarehe ya mwisho ya mwezi meli zilikuwa zikisubiri nje ya bandari ya New York, mashine zikiunguruma, manahodha wakitazama saa. Ikipiga saa sita usiku wote wanakimbilia mstari wa kuingilia, kwa sababu atakayechelewa atakuta mgawo wa nchi fulani umekwisha, na abiria wake watageuzwa. Mtu ameuza shamba na ng'ombe, amevuka bahari nzima, na maisha yake yanaamuliwa na dakika chache.

Mwaka 1924 wakabana zaidi. Asilimia ikashuka hadi 2, na sensa iliyotumika ikawa ya 1890. Kwa nini warudi nyuma hadi 1890? Kwa sababu wakati huo Wataliani, Wapolandi na Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki walikuwa bado hawajawa wengi Marekani. Ilichaguliwa sensa ambayo watu wasiotakiwa walikuwa bado wachache. Mgawo wa Italia ulikuwa 42,057 kwa mwaka chini ya sheria ya kwanza. Chini ya hii ya pili ukawa 3,845. Siku ya kwanza nilipozisoma tarakimu hizo mbili nilidhani mchapaji amekosea.

Sasa fikiria uko ofisini kwenye kampuni ya meli, Liverpool au Antwerp au Rotterdam. Una meli kubwa zilizojengwa kubeba wahamiaji kwa mamia na maelfu. Meli ikitoka nusu tupu inakula mafuta yale yale, mabaharia wanalipwa mishahara ile ile, ada za bandari ni zile zile. Kitanda kitupu hakiwekwi ghalani ukakiuza mwezi ujao. Meli ikishang'oa nanga, hasara imekwisha kuingia.

Walichofanya, kuanzia kama 1924 na 1925, ni kuchukua sehemu bora za daraja la tatu, wakazipaka rangi, wakatia vitambaa vyeupe mezani, wakaongeza ukumbi wa kukaa, rafu za vitabu na sehemu ya sitaha ya kutembea, kisha wakaziita kwa jina jipya: daraja la tatu la watalii. Meli nyingine, kama Minnekahda, zikageuzwa kubeba daraja hilo pekee. Safari ya kwenda na kurudi ilipatikana kwa chini ya dola 200. Mwalimu wa Marekani wakati huo alipata kama dola 1,200 na ushei kwa mwaka, kwa hiyo haikuwa pesa ya kuokota, lakini mtu aliyeweka akiba miaka miwili mitatu aliweza.

Kwa hiyo uone, mwanangu, nauli ya chini kabisa haikushuka. Ukilinganisha na zile dola 30, ilipanda. Kilichobadilika ni nani anayebembelezwa. Walikuwa walimu, wanafunzi wa vyuo, wauguzi, makarani, wasanii wenye mfuko mwepesi. Na jambo linaloniuma ni kwamba makampuni yaliwahakikishia watu hawa kuwa hawatachanganywa na wahamiaji. Mbao zile zile, madirisha yale yale ya duara, mtikisiko ule ule wa rafadha, ila sharti la kuviuza vitanda vile likawa kwamba waliovilalia jana hawatakuwa karibu.

Hata hivyo sitaki uwachukie wasafiri hao. Wengi walikuwa wanawake, walimu wa shule za miji midogo ambao hawakuwahi kuiona bahari, wakisafiri bila mume wala kaka wa kuwasindikiza. Mimi naliheshimu sana jambo hilo. Walilala wanne katika chumba kimoja, vitanda viwili chini, viwili juu, pengine na watu wasiojuana hadi siku ya kupanda. Bafu lilikuwa mwisho wa ujia, kwa zamu. Bahari ikichafuka walitapika pamoja, ikitulia walicheza dansi pamoja. Muziki ulipigwa na vijana wa vyuo waliounda bendi na kupewa safari bure ili watumbuize. Jioni ya mwisho kila mmoja alihesabu bakshishi ya mhudumu wa chumba na wa meza, na kwa mtu wa akiba ndogo hesabu hiyo haikuwa nyepesi.

Na huko walikokwenda maisha yalikuwa rahisi kwa mwenye dola. Kabla ya vita dola moja ilikuwa faranga 5 hivi za Ufaransa. Kiangazi cha 1926 ilikaribia faranga 50. Mwanafunzi aliyehesabu senti New York alikaa mkahawani Paris kama mtu mwenye nafasi.

Utauliza kwa nini basi wengine walilipa kidogo kuliko wengine kwa bahari ile ile. Makampuni yalikuwa na umoja wao, yakipatana kiwango cha chini cha nauli kwa kila meli kulingana na kasi na hadhi yake, ili yasiuane kwa kushindana. Meli Mauretania, iliyoshikilia rekodi ya kasi hadi meli Bremen ya Wajerumani ilipoinyang'anya mwaka 1929, ilivuka kwa siku 5 hivi, na ulilipia kasi hiyo. Mwenye pesa kidogo alichagua meli kuukuu ya siku 8, 9 au 10. Alilipa kwa muda wake. Mimi ningechagua hiyo hiyo. Siku 10 baharini ni chakula siku 10.

Kuna mlango mdogo ulioachwa wazi, na huo unatuhusu sisi. Sheria ya 1924 haikuwahesabu wanafunzi ndani ya mgawo. Nnamdi Azikiwe wa Nigeria alikwenda Marekani 1925, Kwame Nkrumah wa Ghana akafuata 1935. Na kutoka kwetu Kenya, Mbiyu Koinange aliondoka 1927 akaenda kusoma chuo cha Hampton, Virginia. Hakukuwa na ndege ya abiria ya kuvuka Atlantiki wakati huo. Kijana kutoka Kiambu alivuka bahari hiyo kwa meli, katika miaka hii hii ninayokusimulia.

Nikiwa mtoto nilizoea kwenda Kilindini kutazama meli Karanja na Kampala za kampuni ya British India zikitoka Bombay. Abiria wa sitaha walishuka na magodoro yaliyofungwa kamba, masanduku ya bati na watoto waliolala mabegani. Hakuna aliyewaita watalii. Pengine ndiyo maana neno hilo lilinishtua nilipolikuta mara ya kwanza limebandikwa kwenye daraja la tatu.

Anguko la uchumi la 1929 lilivuruga yote. Hata akiba za walimu zilikauka. Mwishoni mwa 1931 Cunard, kampuni ya meli ya Uingereza, ilisimamisha ujenzi wa meli yake kubwa, ikakaa mifupa mitupu hadi 1934, serikali ya Uingereza ilipokubali kukopesha kwa sharti kwamba Cunard na mpinzani wake White Star ziungane; ndiyo iliyokuja kuitwa Queen Mary. Red Star Line yako nayo ikafika ukingoni. Hapo ndipo anapoingia mtu ninayetaka umkumbuke, Arnold Bernstein.

Bernstein alikuwa Myahudi wa Ujerumani mwenye meli za kubeba magari. Mwaka 1935 aliinunua Red Star, akaendesha meli Pennland na Westernland kati ya Antwerp na New York kwa daraja moja tu, la watalii. Hakukuwa na sitaha ya matajiri na sitaha ya wengine. Aliyepanda alitembea meli yote. Katika historia nzima ya safari hizi za bei nafuu, mimi namwona ndiye aliyezifanya kwa heshima kuliko wote. Wanazi walimkamata mwaka 1937, wakamnyang'anya mali. Alipoachiwa mwaka 1939 alihamia New York, na meli zake zikiwa zimekwenda kwa Waholanzi.

Mwaka huo huo wa 1939, tarehe 13 Mei, meli St. Louis iliondoka Hamburg kwenda Havana ikiwa na abiria 937, karibu wote Wayahudi wanaokimbia. Wengi walikuwa wamekwisha kuomba kuingia Marekani na walikuwa wakisubiri zamu zao katika mgawo, ule ule wa 1924. Walitaka kusubiri Cuba badala ya Ujerumani. Cuba iliruhusu 28 tu kushuka. Meli ikapita karibu na Florida, watu wakiona taa za Miami, na Marekani haikuwafungulia. Ikageuza omo kurudi Ulaya.

St. Louis ilikuwa na madaraja mawili, la kwanza na la watalii. Hebu litafakari jina hilo, mwanangu. Lilibuniwa ili kujaza vitanda ambavyo sheria iliwanyima watu kama hawa, na miaka 15 baadaye watu hao walivilalia kwa jina hilo hilo, wakazungushwa baharini mwezi mzima na kurudishwa.

Iliwashusha Antwerp, tarehe 17 Juni 1939. Ubelgiji, Uholanzi, Ufaransa na Uingereza ziligawana abiria. Wajerumani walipoivamia Ulaya Magharibi mwaka uliofuata, waliokuwa bara walinaswa tena, na 254 kati yao waliuawa au kufa katika mauaji yale ya Wanazi dhidi ya Wayahudi.

Ukirudi makumbusho, waulize kama wana orodha ya nauli za Pennland au Westernland za miaka ya Bernstein, kisha uipige picha kwa karibu, herufi zisomeke. Mama yako anasema baridi ya huko isikuzoee, vaa ile koti nzito.

Baba yako,
Mombasa